Kabati Lililolazwa

Lori lilikuwa tupu, lakini springi zilikuwa zimelala kama limepakia saruji.

Shemeji ndiye aliyeligundua hilo kwanza, maana ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Walikuwa wanarudi kutoka kumhamisha mteja, wameshashusha kila kitu mpaka mifagio, na kwa kawaida lori lile likiwa tupu huruka kwenye mashimo kama mbuzi aliyefunguliwa zizini. Siku ile halikuruka. Lilitambaa. Kwenye kilima kidogo cha kuingilia mtaani kwao injini ilikoroma hadi akalazimika kurudi gia ya kwanza.

"Shemeji," alisema, "mbona kama bado tuna mzigo?"

"Mzigo gani? Si tumeshusha vyote?" alijibu mwenye lori.

Huyo mwenye lori watu walimwita Kamba, kwa sababu mzigo aliofunga yeye haukuwahi kulegea njiani. Kazi yake ilikuwa kuhamisha watu na vyombo vyao. Dereva wake alikuwa mdogo wa mkewe, ndiyo maana wakaitana shemeji kutwa nzima, kwa mapenzi na kwa ugomvi.

Walipofika kwenye kona, shemeji alikanyaga breki. Nyuma, ndani ya bodi, kitu kikaserereka taratibu kutoka mwisho wa sakafu mpaka mbele, kikagonga ukuta ulio nyuma ya vichwa vyao. Du. Kikatulia.

Waliangaliana. Shemeji akaegesha pembeni, wakashuka, wakafungua mlango wa nyuma. Ndani hamkuwa na kitu ila mablanketi ya kufungia vyombo na kamba zilizoviringishwa. Lakini palinuka, harufu ya nywele zinazoungua, na Kamba alipoweka kiganja sakafuni akakiondoa haraka. Mbao zilikuwa za moto.

"Joto la injini," alisema.

"Injini iko mbele, shemeji."

"Wewe funga mlango twende."

Hakuna aliyetaja kilichotokea asubuhi, ingawa wote wawili walikuwa wanakiwaza.

Mteja wa asubuhi alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa iliyopokea watoto wasiohesabika. Magoti yalikuwa yamemchosha, ngazi haziwezi tena, ndiyo maana akaamua kuhamia nyumba ya chini. Vyombo vyake vilikuwa vichache na vya kawaida. Kitu kimoja tu hakikuwa cha kawaida: kabati la mbao nyeusi, milango miwili, lisilo na kioo wala nakshi, refu kumpita mtu mzima aliyenyoosha mkono.

"Hili lisimame," aliwaambia, akiwa ameliegemea kwa bega kama anayemsindikiza mgonjwa. "Lizungusheni mtakavyo, lakini msililaze. Likilazwa litapasuka."

"Mama, hii ndiyo kazi yangu," Kamba alimjibu. "Wewe tangulia ukatufungulie nyumba."

Akatangulia. Walipojaribu kulipandisha, kabati likagota kwenye vyuma vya kushikia turubai. Kulisimamisha kungewezekana kama wangevifungua vyuma vile, kazi ya jasho na muda, na mawingu yalikuwa yameshajaa. Shemeji alikuwa ameshashika spana.

"Iache hiyo," Kamba alisema. "Mbao ni mbao. Tulilaze."

"Lakini mama kasema..."

"Mama anajua kuzalisha. Kuhamisha najua mimi. Shika upande huo."

Wakalilaza chali. Juu yake Kamba akapandisha friji, kisha akapitisha kamba, akaweka mguu kwenye ubavu wa kabati, akaivuta kwa nguvu zake zote kama alivyozoea. Mbao zikalia. Mlio wenyewe ulikuwa wa mfupa. Halafu kutoka kwenye ufa pakatoka pumzi ndefu ya moto, ikapita katikati yao wawili, na shemeji akaona vinyweleo vya mkono wake vikijikunja na kuwa majivu.

"Umesikia?"

"Upepo huo. Funga turubai."

Kwenye nyumba mpya, mkunga alilipapasa kabati kabla hata hawajaondoa jasho usoni. Ufa ulianzia pembe ya juu kushoto, ukashuka mshazari kupitia milango yote miwili mpaka mguu wa kulia. Aliweka sikio kwenye mbao, akakaa hivyo kwa muda, kama wanavyofanya wakunga kwenye tumbo. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani kalilaza?"

"Hakuna aliyelilaza, Mama. Huo ufa tumeukuta."

"Mmeukuta?"

"Muulize huyu kama unaona nakudanganya."

Mkunga akamgeukia shemeji. Shemeji akaangalia viatu vyake. "Tumeukuta, Mama," alisema.

Majirani wapya walikuwa wameshatoka nje kumtazama mgeni wao. Mkunga hakupandisha sauti. "Mwanangu," alimwambia Kamba, "sitaki fedha. Nataka useme ulichokifanya, kisha ulitengeneze. Nikipata hayo mawili, yameisha."

Kamba akaona watu wanamtazama, akaona jina lake la kazi linachafuka. Akanyoosha kidole kwenye mlango wa lori, palipoandikwa kwa rangi nyekundu: MALI INASAFIRISHWA KWA DHAMANA YA MWENYEWE.

"Kusoma si unajua, Mama?"

Mtu mmoja akacheka, na wa pili akafuatia. Mkunga akayasoma maandishi yale polepole, midomo ikicheza.

"Ya mwenyewe?" aliuliza.

"Ya mwenyewe."

"Haya. Umesema wewe, na watu wamesikia. Basi mwenyewe atakuja kukudai."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

*

Mke wa Kamba alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, karibu na dirisha, tumbo likiwa limeshakuwa kubwa kiasi kwamba alikaa kiubavu ili mkono uifikie sindano. Ilikuwa mimba yao ya kwanza tangu waoane, na walikuwa wameoana siku nyingi, nyingi za kutosha mawifi kuacha kunong'ona na kuanza kusema waziwazi.

Kesho yake adhuhuri, akiwa anapinda pindo la sketi, alisikia mlango wa kabati la chumbani ukifunguka. Ukafungwa. Akadhani mumewe karudi.

"Umeshafika?" aliita.

Droo ya meza ya kulalia ikavutwa, ikarudishwa. Baada ya hapo kikafuata kikabati cha jikoni, na sanduku la nguo za mtoto, na kabati la vyombo lililokuwa pale pale sebuleni, hatua chache kutoka kwenye kiti chake: mlango wa kioo ukafunguka wenyewe, ukabaki wazi kitambo kile mtu anachohitaji kuchungulia, ukafungwa kwa upole. Alivyomsimulia mumewe jioni, ilikuwa kama kuna mtu anatafuta chumba cha kupanga. Anafungua, anapima kwa macho, hakimridhishi, anasogea kingine.

"Na kila ambacho hakikumridhisha, kitazame," alisema, akimvuta mkono.

Kabati la vyombo lilikuwa na ufa, kutoka pembe ya juu kushoto mpaka mguu wa kulia. Kikabati cha jikoni, vivyo hivyo. Kitanda, ubao wa kichwani. Sanduku la mtoto lilipasuka mpaka nguo zikaonekana.

"Mbao za siku hizi," Kamba alisema. "Mbichi. Jua likiwaka zinapasuka."

"Zote kwa mshazari mmoja?"

Kamba alileta gundi na misumari, akaziunga, na kila alipopiga nyundo akavuta hewa kwa pua, akasikia nywele zinaungua.

Siku zilizofuata fanicha zile zikaendelea kufunguka na kufungwa, daima jua likiwa kichwani, mtaa ukiwa kimya na watoto wako shule. Jirani aliyekuja kupima gauni alisikia, akakimbia na tepu ya kupimia shingoni. Shemeji naye alikuja na habari zake.

"Lori limekuwa jepesi," alisema, akisimama mlangoni bila kuingia. "Linaruka kama zamani. Kuanzia ile siku tulipoliegesha hapa kwako."

"Si ndiyo vizuri?"

"Shemeji, kilichokuwemo kimeshuka. Kimeshukia wapi?"

Kisha, ghafla, nyumba ikatulia. Hakuna mlango uliofunguka wala harufu iliyosikika. Kamba akarudiwa na utani wake. "Kaona nyumba yetu ndogo," alimwambia mkewe, "kaenda kutafuta kwa wenye ghorofa." Mkewe hakucheka. Alikuwa amekaa, mikono juu ya tumbo, na alipotaka kuinuka kiti kikalia, kikavunjika miguu yote minne chini yake, kiti cha mninga alichokikalia tangu alipoanza kushona.

"Nimekuwa mzito," alinong'ona akiwa chini. "Mume wangu, mimi si mzito hivi."

Kamba alipojaribu kumwinua, mikono yake iliyozoea kupandisha friji ghorofa tatu haikuweza. Ilibidi amwite shemeji.

Kliniki walikokwenda, nesi aliweka kipimo chake tumboni, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. Uso ukamjaa tabasamu.

"Mlishaambiwa kuwa ni mapacha?"

"Ni mmoja," mke wa Kamba alisema. "Siku zote mmetuambia mmoja."

"Mapigo ninayasikia mawili. Hili moja ni la haraka, la mtoto. Na hili lingine..." Tabasamu likaondoka taratibu. Alibaki ameinama, akisikiliza, kisha akakitoa kipimo na kukifuta kwa kitambaa ingawa hakikuwa na uchafu. "Hili linapiga polepole sana. Kama mtu anabisha hodi. Nendeni hospitali kubwa, dada. Nendeni leo."

Hospitali kubwa walipiga picha. Mtoto mmoja, mzima, amekaa vizuri. Wakawarudisha nyumbani.

*

Ilikuwa mchana wa siku ya pili yake. Mke wa Kamba alikuwa amelala sebuleni kwenye godoro, kwa kuwa kitanda hakikuweza tena kumbeba, pazia limeshushwa, na Kamba amekaa karibu yake akimpepea kwa kipande cha boksi. Akamwona anafungua macho. Macho yalikuwa ya mkewe, ila hayakumtazama yeye. Yalitazama dari kama macho ya mtu anayekagua paa iwapo linavuja. Midomo ikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume, ilikuwa kavu, ya mbao inayosuguana na mbao.

"Nyumba yangu iko wapi?"

Boksi likamwanguka Kamba mkononi. "Wewe nani?"

"Mwenyewe."

Kamba alijisogeza nyuma kwa makalio.

"Niliishi humo tangu mti wake ukiwa na majani," sauti ikasema. "Ulipoangushwa nikaangushwa nao, ulipopasuliwa mbao nikakaa ndani ya mbao. Ukanilaza. Ukaniwekea mlima wa chuma kifuani. Ukavuta. Nimetafuta kwako pa kukaa, kote kubovu, kote kumebana. Lakini hapa," na mkono wa mkewe ukainuka wenyewe, ukapapasa tumbo, polepole, kwa mapenzi, kama mpangaji anayepapasa ukuta wa chumba alichokipenda, "hapa ni pazuri. Pana giza, pana joto, na mlango wake hufungwa. Ila kuna mpangaji mmoja."

Kamba akauvuta mkono ule; haukusogea.

"Atatoka," sauti ilisema. "Ninamsogezasogeza."

Na chini ya gauni jembamba la mkewe Kamba akaona ngozi ya tumbo ikivutika kutoka upande wa juu kushoto, mstari mwembamba uliochorwa kwa ndani kama kwa ukucha, ukishuka mshazari kidogo kidogo, na mahali ulipopita ngozi ikawa nyeusi, na kitu kidogo upande wa pili kikapigapiga kwa haraka kama kinachokimbia katika chumba kisicho na mlango, na mkewe, macho yakiwa bado yamekodolea dari, akaanza kulia machozi bila sauti kwa sababu sauti yake ilikuwa imechukuliwa, na Kamba akajikuta anapiga kelele za kumwita shemeji, anapiga kelele kama mtoto, mpaka mstari ukasimama karibu na kitovu na macho ya mkewe yakafumba.

Shemeji aliyekuja mbio alisikiliza yote akiwa amesimama.

"Twende kwa mkunga," alisema.

"Nikamwambie nini?"

"Utajua mwenyewe. Huyo ni dada yangu, shemeji. Simwachi afe kwa ajili ya kiburi chako."

Walimkuta mkunga amekaa barazani kwake. Kabati lilionekana kupitia mlango uliokuwa wazi nyuma yake, limesimama, limepasuka. Hakuwakaribisha kiti. Kamba akaeleza mambo ya nyumbani kwake, akieleza upesi upesi, jasho linamtiririka, na alipofika kwenye siku ile ya kuhama ulimi ukateleza ulikozoea.

"Mama, kosa lilitokea, sikatai. Huyu shemeji yangu ndiye aliyelilaza. Mimi nilikuwa nafunga vitu vingine. Vijana wa siku hizi, unajua..."

Shemeji alimgeukia. Alimtazama tu, na ule mtazamo Kamba hakuusahau maisha yake yote.

Mkunga akasimama. "Nendeni salama," alisema, akaanza kuufunga mlango.

"Mama!" Shemeji aliuzuia kwa mkono. "Nilikudanganya. Ulipotuuliza, nilisema tumeukuta ufa, nikakudanganya. Nilishika upande mmoja wa kabati, tukalilaza, niliona. Niadhibu mimi, ila dada yangu hajui lolote."

"Wewe nimeshakusikia," mkunga alimwambia kwa upole. "Sikuwa nakusubiri wewe."

Kamba akaelewa. Alitazama mtaa. Adhuhuri ilikuwa imeisha, watu wanarudi makwao, na kati yao walikuwemo wale wale waliocheka. Alishuka barazani, akasimama katikati ya njia. Akapiga moyo konde.

"Nililaza kabati la mama huyu!" alisema kwa sauti. "Alinikataza, nikalilaza. Nikaweka friji juu yake, nikavuta kamba mpaka likapasuka. Kisha nikasema tumelikuta hivyo, nikamlazimisha shemeji yangu anishuhudie uongo, na leo tena, hapa hapa, nimemsingizia. Ni mimi. Hakuna mwingine. Ni mimi!"

Watu walisimama. Safari hii hakuna aliyecheka. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake mikubwa imekumbatiana, kama anayesikiliza wimbo aupendao.

"Sasa umesema," alimwambia. "Ingia ulitengeneze."

"Lakini mke wangu..."

"Mkeo atangoja kidogo. Mimi nimengoja." Akamsogelea, akashusha sauti ili asikie yeye peke yake. "Unajua, mwanangu, kila adhuhuri amekuwa anakuja dirishani pangu. Ananiuliza: nirudi? Ningesema ndiyo siku ile ile, angerudi. Ufa si kitu kwake. Nikamwambia: bado. Kila siku nikamwambia: bado."

Kamba alimtazama. Macho ya mkunga hayakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha kuliko sauti ya mchana ule.

"Hata alipoingia tumboni mwa mwanamke mjamzito?"

"Nilimwambia asimuue," mkunga alisema. "Zaidi ya hapo sikumwambia kitu."

*

Walifanya kazi usiku kucha, Kamba na shemeji yake, wakiunga ufa kwa gundi na vibanio, wakipiga randa, wakipaka mafuta. Hawakuzungumza ila "shika hapa" na "sogeza". Asubuhi mkunga akapitisha kidole kwenye kiungo chote, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akawaambia walibebe mpaka kwa mgonjwa. Si kwa lori. Kwa mabega, likiwa wima.

Watu waliwapisha njiani. Kabati lilikuwa jepesi ajabu, kama boksi la karatasi, likiyumba kwa upepo, na Kamba aliogopa wepesi ule kuliko alivyowahi kuogopa uzito wowote. Walipoliingiza sebuleni jua lilikuwa linakaribia kichwani, na mke wa Kamba alikuwa amepata uchungu kabla ya wakati wake, ameng'ata pindo la shuka. Mstari mweusi ulikuwa umevuka kitovu.

Mkunga alinawa mikono. Akafungua milango yote miwili ya kabati kuelekea godoro, akapiga magoti.

"Mwenyewe," aliita. "Nyumba ni hiyo. Njoo."

Sauti ikajibu kutoka kinywani mwa mwenye uchungu. "Aliyenivunjia amesema?"

"Amesema mbele za watu."

"Na hasara yangu? Nimelala nje. Nimekaa na kuku. Nimesukumwa kwenye droo za soksi. Nani ananilipa?"

Mkunga aligeuza kichwa, akamtazama Kamba aliyekuwa amejibanza ukutani, na katika kutazama kule Kamba akajua kwamba mambo haya wawili wale walishayazungumza dirishani.

"Nitakulipa mimi," Kamba alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mwache huyo. Nitakulipa mimi."

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani. Shemeji alisema baadaye kwamba hakuona kitu, aliona tu pazia likibinuka na shemeji yake akiinuliwa kama gunia na kulazwa chali sakafuni, taratibu, kwa uangalifu wa mtu mwenye kuijua kazi yake, na kisha kitu kisichoonekana kikapandishwa juu ya kifua chake, kwa maana kifua kilididimia, na mikono ya Kamba ikashika hewa kana kwamba inashika pembe za sanduku kubwa la chuma, na kamba isiyoonekana ikavutwa, na mbavu zikaanza kulia moja baada ya nyingine, kuanzia juu kushoto zikishuka mshazari kwenda kulia, na katikati ya mlio huo mke wa Kamba akapiga ukelele kwa sauti yake mwenyewe, na mkunga, ambaye hakugeuka nyuma hata mara moja, akasema, "Sukuma, mwanangu, sasa sukuma," na mtoto akatoka.

Milango ya kabati ikajifunga. Mbao za sakafu zikalia chini yake, kwa uzito.

Alikuwa mtoto wa kike, mzima, mdogo, na hakulia. Mkunga alimfuta, akamfunika, akamweka kifuani kwa mama yake. Ndipo akamwendea Kamba, akampapasa mbavu.

"Utapona," alimwambia. "Ila kubeba, basi tena."

Shemeji alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Mama, Mungu akulipe. Nikishampeleka huyu hospitali, nitatafuta watu, tukurudishie kabati lako. Wima, nakuapia."

Mkunga alikuwa anavaa viatu. "Halirudi," alisema.

"Vipi, Mama?"

"Mimi sina binti. Nilijiuliza siku nyingi nitamwachia nani, kwa sababu yule hupokewa na mwanamke kutoka kwa mwanamke. Sasa wamekaa nyumba moja na huyu mtoto. Wamesikilizana mioyo. Unadhani atakubali kuondoka?" Akamtazama Kamba pale chini, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Umenipunguzia mzigo, mwanangu. Nawe ni mtu wa mizigo."

Akaondoka kwa miguu, magoti yake mabovu yakienda vizuri ajabu.

Kamba alikaa hospitali mpaka mbavu zikaunga vibaya. Shemeji akachukua lori, na kuja kwake pale nyumbani kukapungua mpaka kukawa salamu za mlangoni. Walijaribu kuliuza kabati. Wabebaji wanne hawakulisogeza hata unene wa kucha. Walijaribu kuhama wao; mtoto alipovushwa kizingiti na kabati likibaki nyuma, alikata pumzi, akawa wa bluu, akarudiwa na pumzi aliporudishwa ndani. Hawakujaribu tena.

Msichana akakua. Alikuwa mpole, msikivu, mwenye afya. Usiku hakusumbua. Mama yake akiamka kumnyonyesha alimkuta mara nyingi yuko macho, anatazama upande wa kabati, anatabasamu kwa zamu, kama mtu anayesikiliza, kisha kujibu.

Siku moja, akiwa ameanza kutembea, alivuta kitambaa cha meza, chai ya moto ikamwagikia miguu ya baba yake. Kamba aliruka, akainua mkono, maumivu na hasira vimempanda kichwani, mdomo umeshafunguka kupiga kelele.

Mkewe alimshika mkono ule kwa mikono yake miwili. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama nyuma yake, kule ukutani lilikosimama kabati.

"Taratibu," alinong'ona. "Mume wangu, nakuomba, shusha mkono. Usimkemee mtoto mlango ukiwa wazi."